Mizizi iliyojikunja kitaluni ndiyo huangusha mti shambani

MVUA ya masika ya mwaka 2024 ilipokuwa imenyesha kwa majuma kadhaa mfululizo, mkulima mmoja jirani yangu aliamka asubuhi na kukuta miparachichi minane imelala chini shambani mwake. Hakukuwa na upepo wa kutisha usiku huo. Miti yenyewe ilikuwa na umri wa miaka minne, ilikuwa imeanza kuzaa, na majani yake yalikuwa na rangi ya kijani iliyokolea.

Jirani aliilaumu mvua. Wengine walimtaja fuko, ambaye kwa kweli ni adui mkubwa wa mizizi katika sehemu za nyanda za juu. Lakini tulipoupindua mti mmoja na kuuosha udongo, kisa chote kilijitokeza. Chini ya shina palikuwa na fundo la mizizi lenye umbo la mfuko wa plastiki ambamo mche ulilelewa. Mizizi minene kama kidole gumba ilikuwa imezungukana kama kamba iliyokunjwa, na ni michache mno iliyotoka nje ya duara hilo kwenda kuushika udongo.

Mti huo, kwa hakika, ulikuwa ungali ndani ya mfuko wake, ingawa mfuko wenyewe uliondolewa siku ya kuupanda.

Mkulima yeyote wa kahawa au chai anafahamu umuhimu wa kupogoa matawi. Kupogoa mizizi, hata hivyo, ni jambo linalowatia wengi hofu kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mzizi ukiguswa, mti hufa. Hofu hiyo si ya bure, kwani mzizi ndio mdomo wa mmea. Ila kuna mizizi ambayo isipokatwa mapema, ndiyo itakayouua mti baadaye.

Ili kuelewa jambo hili, ni vyema kwanza kujua jinsi mzizi unavyokua. Mzizi hurefuka kwa ncha yake. Ncha hiyo hutoa ishara za kikemikali zinazoizuia mizizi ya pembeni kuchipuka karibu nayo. Ncha ikikatwa, kizuizi huondoka, na nyuma kidogo ya jeraha huchipuka mizizi mingi midogo. Ni jambo lile lile linaloonekana katika mchai: ukichuma kilele kimoja, hujitokeza machipukizi kadhaa.

Na hiyo mizizi midogo ndiyo yenye kazi ya kuulisha mmea. Mizizi minene huushikilia mti na kupitisha maji, lakini inayofyonza maji na madini kutoka udongoni ni ile myembamba iliyo karibu na ncha. Kwa hivyo mche wenye mzizi mmoja mrefu uliojizungusha mara tano si mche wenye nguvu, hata ukiwa mrefu kiasi gani juu ya ardhi.

Mzizi unapogonga ukuta wa mfuko laini wa plastiki, hauna pa kupenya. Huufuata ukuta, ukizunguka na kuzunguka. Ukifika chini, hupinda na kuchukua umbo la herufi J, au hutoka kwa tundu na kuingia ardhini chini ya kitalu. Ukiwa mchanga bado unaweza kunyooshwa kwa vidole. Baada ya miezi michache hugeuka kuwa mti, na mkunjo huo haunyooki tena hata mche ukipandwa katika shimo pana lililojaa samadi. Kila mwaka mzizi hunenepa pale pale ulipo, shina nalo hunenepa, na mwishowe vinabanana. Mzizi ukilizunguka shina huliminya mithili ya kitanzi na kuzuia chakula kinachotoka kwenye majani kuteremka.

Hii ndiyo sababu madhara hayaonekani mwaka wa kwanza wala wa pili. Mti huota vizuri, mkulima hufurahi, na aliyemuuzia mche husifiwa. Hasara hujitokeza mti unapoanza kubeba matunda au unapokabiliwa na kiangazi cha kwanza kikali, wakati ambapo mkulima amekwisha kutumia miaka kadhaa ya kupalilia, kunyunyiza dawa na kununua mbolea.

<b>Kazi ya kitaluni</b>

Dawa ya tatizo hili huanzia kitaluni, na haihitaji vifaa vya gharama. Mwenye kitalu anapaswa kuichunguza miche yake mara kwa mara. Mara tu mizizi inapoanza kuchungulia kwenye matundu ya chini ya mfuko, wakati wa kuikata umewadia. Baada ya hapo kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, kutegemea aina ya mti na kasi ya ukuaji.

Kwenye vitalu vikubwa, watu wawili hushika waya mwembamba ulio imara, kila mmoja upande wake, wakaukaza na kuuvuta chini ya safu ya mifuko. Waya hukata mizizi yote iliyopenya ardhini kwa mkupuo mmoja. Njia hii hufaa pale ambapo sakafu ya kitalu imesawazishwa vizuri. Kwa mwenye miche michache, inatosha kuinua kila mfuko na kukata kilichoning'inia kwa makasi au kisu kikali. Kisu butu huchana mizizi badala ya kuikata, na jeraha lililochanika huoza kwa urahisi.

Miche inyweshwe maji ya kutosha jioni ya siku iliyotangulia, ikatwe asubuhi na mapema au siku ya mawingu, kisha inyweshwe tena papo hapo na kuwekwa kivulini. Itanyauka kidogo kwa siku moja au mbili. Mwenye kitalu asibabaike. Inapoinuka tena, huwa imeanza kutoa mizizi mipya ndani ya mfuko, ambako ndiko inakohitajika.

Linganisha hali hiyo na ile ya kitalu ambacho mizizi haijawahi kukatwa. Siku mteja anapofika, mfuko huvutwa kwa nguvu, na mzizi mkuu uliokuwa umezama ardhini hukatika ghafla. Mche hupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake siku ile ile unapohitaji kuvumilia safari na mahali papya. Wakulima wengi hudhani miche ya aina hiyo imekufa kwa kukosa maji, ilhali ilinyweshwa kila siku.

Ipo pia njia ya kuiachia hewa yenyewe ifanye kazi hiyo. Mifuko au trei zenye matundu huwekwa juu ya meza ya waya au mbao, ili chini yake pawe wazi. Mzizi unapotokeza nje hukutana na hewa kavu, ncha yake hukauka, na mizizi mingine huchipuka ndani. Upungufu wa njia hii ni kwamba miche hukauka upesi na huhitaji kunyweshwa mara nyingi zaidi, jambo ambalo si rahisi mahali ambapo maji hubebwa kwa punda.

Suala hili lina uzito wa kitaifa. Mnamo Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023, Wakenya walipewa siku ya mapumziko ili wapande miche. Tangu Profesa Wangari Maathai aanzishe Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, sehemu kubwa ya miche ya nchi hii imetoka katika vitalu vidogo vya vijijini, vingi vikiwa vya akina mama. Vitalu hivyo hutegemea misimu miwili ya mvua. Miche isiyonunuliwa wakati wa masika husubiri vuli, na isiyonunuliwa wakati wa vuli husubiri masika ya mwaka unaofuata, ikiwa ndani ya mifuko ile ile. Hiyo ndiyo inayojikunja. Na kwa kuwa imekuwa mirefu zaidi ya mingine, ndiyo ambayo wanunuzi wageni huikimbilia kwanza.

<b>Siku ya kununua na ya kupanda</b>

Urefu wa mche, basi, usimhadae mnunuzi. Mche mrefu ndani ya mfuko mdogo ni mche mzee. Uubonyeze mfuko kwa vidole: ukiwa mgumu kama jiwe, fahamu kwamba ndani kumejaa mizizi na udongo umebaki kidogo. Tazama matundu ya chini. Nywele nyeupe za mizizi si hoja, lakini mzizi mnene kama penseli uliotoka nje na kukauka ni onyo. Kwa mtu anayenunua miche mingi, ningemshauri alipie mmoja, aupasue mfuko wake palepale mbele ya mwenye kitalu na kuukagua. Gharama ya mche mmoja ni ndogo ikilinganishwa na ekari nzima ya miti itakayoanguka.

Ukiwa umekwisha kununua na ukagundua mizizi imejizungusha, si lazima uitupe miche yote. Siku ya kupanda, unywe maji mche kwanza, kisha uulaze na kuupasua mfuko wote kwa wembe. Wapo wanaotoboa tu sehemu ya chini ya mfuko na kuuzika pamoja na mche ili kuokoa muda. Hilo ni kosa kubwa.

Kata kipande chembamba cha chini ya donge la udongo, kiasi cha sentimita moja au mbili, mahali ambapo mizizi imejikusanya. Halafu chora mikato mitatu au minne kuanzia juu hadi chini ubavuni mwa donge, kila mmoja ukiwa na kina cha takriban sentimita moja. Mikato hii hukata miduara yote ya mizizi, na kila mahali ilipokatwa patatoka mizizi inayoelekea nje. Kama mzizi mkuu umepinda sehemu ya chini, ukatwe juu kidogo ya mkunjo. Mkunjo ukiwa karibu na shina, hakuna kisu kitakachousaidia mche huo, na heri utupwe.

Tahadhari ni muhimu kwa mparachichi. Mizizi yake huvunjika kwa urahisi, na hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza mizizi katika udongo unaotuamisha maji. Basi ikatwe ile tu iliyojizungusha, kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, na donge lisivunjwevunjwe. Mpapai nao haupendi kabisa kuguswa mizizi. Afadhali uondolewe kitaluni ungali mdogo kabla mizizi haijafika chini ya mfuko.

<b>Miti ya mipakani</b>

Kuna mkulima ambaye tatizo lake si mti kuanguka bali mti kula zaidi ya haki yake. Katika kaunti za Embu, Meru na Kirinyaga ni kawaida kuona mgrivea, ambao wengi huuita mukima, ukiwa umepandwa kandokando ya mashamba kwa ajili ya mbao na kuni. Mistari ya mahindi iliyo karibu nayo huwa mifupi na ya manjano. Sehemu kubwa ya mizizi ya miti hupatikana kwenye sentimita 60 za juu za udongo, na huko ndiko mahindi na maharagwe hutafuta chakula pia.

Suluhisho ni kuchimba mfereji mwembamba wenye kina cha takriban sentimita 30 sambamba na safu ya miti, umbali wa nusu mita hivi kutoka kwa mashina machanga na zaidi kwa miti mikubwa, na kukata kila mzizi unaokutana nao. Kisha mfereji hufukiwa. Kazi hii hufanywa kabla ya msimu wa kupanda. Majaribio yaliyofanywa nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa kukata mizizi upande mmoja wa miti kunaweza kuongeza mavuno ya mazao yaliyo karibu, ingawa matokeo yalitofautiana kutoka aina moja ya mti hadi nyingine.

Neno la kuzingatia hapa ni upande mmoja. Mti uliokatwa mizizi pande zote mbili kwa wakati mmoja hubaki kama mlingoti uliosimikwa mchangani. Jirani akikata upande wake na wewe ukakata wako msimu huo huo, mtakutana tena mkigombania mti ulioangukia mahindi. Ni vyema kupatana mapema. Na kwa mti wowote mkubwa, hasa ulio karibu na nyumba, mtu asithubutu kukata mizizi iliyo ndani ya umbali unaopungua mara tatu ya upana wa shina.

Ukubwa wa mizizi ya mti mzee ulijadiliwa na taifa zima mwishoni mwa mwaka 2020. Wakati wa ujenzi wa barabara ya Nairobi Expressway, mugumo uliokadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka 100, kando ya barabara ya Waiyaki mtaani Westlands, ulipangiwa kung'olewa na kupandwa kwingine. Umma ulipinga, na mwezi Novemba mwaka huo Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, akaamuru uhifadhiwe.

Wataalamu wa kuhamisha miti hukadiria kwamba donge la mizizi linapaswa kuwa na upana wa mara kumi au zaidi ya ule wa shina. Shina la sentimita 10 linahitaji donge la mita moja, ambalo wanaume kadhaa wanaweza kulisogeza. Shina la mita moja linahitaji donge la mita 10. Hata kina chake kikiwa mita moja pekee, udongo huo unazidi tani 100. Ndiyo maana miti mikubwa hutayarishwa mapema: mfereji huchimbwa nusu ya duara msimu mmoja na nusu iliyobaki msimu mwingine, ili mizizi midogo ijae karibu na shina kabla ya safari. Matayarisho hayo hayawezi kufanywa kwa juma moja, mkandarasi akiwa anasubiri na tingatinga lake.

Mbuyu ni mfano wa kipekee, kwa sababu huhifadhi maji mengi ndani ya shina lake na huweza kustahimili kukatwa mizizi kwa namna ambayo miti mingi haiwezi. Mwaka 2022, mibuyu iling'olewa katika Kaunti ya Kilifi ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na mnamo Novemba mwaka huo Rais William Ruto akaagiza kibali cha kuisafirisha kichunguzwe. Kama mti unaweza kustahimili safari ni swali moja. Kama unafaa kusafirishwa ni jingine.

<b>Vyungu vya nyumbani</b>

Msomaji asiye na shamba asidhani kwamba haya hayamhusu. Mmea ulio kwenye chungu barazani ni mche ambao hautapandwa kamwe. Ukinywesha maji yakapita moja kwa moja hadi kwenye sahani, au mmea ukinyauka siku moja tu baada ya kunyweshwa, au chungu kikaanza kupasuka, basi mizizi imekula nafasi yote. Wengi hununua chungu kikubwa zaidi, kisha kingine, hadi mmea ukose mahali pa kukaa. Kukata mizizi huuwezesha kubaki katika chungu kile kile.

Utoe mmea, uifumue mizizi ya nje kwa kijiti, na ukate robo hadi theluthi ya mizizi, hasa ile ya chini na ya pembeni iliyojizungusha. Punguza majani na matawi kwa kiasi kama hicho, kwa sababu mizizi iliyobaki haitaweza kuyalisha yote. Rudisha mmea kwenye chungu ukiwa na udongo mpya uliochanganywa na mboji na mchanga, unywe maji, na uuweke kivulini kwa wiki mbili. Mbolea ingoje mwezi mmoja. Dungusi na mimea mingine yenye shina lenye maji, ikiwemo waridi la jangwani, iachwe siku kadhaa vidonda vikauke kabla ya kunyweshwa. Jamii ya minazi na mitende isikatwe mizizi kwa njia hii.

Wajapani ndio waliolifikisha jambo hili kileleni kwa sanaa yao ya bonsai, ambapo mti mchanga hukatwa mizizi kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mzee baada ya miaka mitatu hadi mitano. Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, kuna msonobari uliotolewa zawadi na Mjapani mwaka 1976. Ulianza kutunzwa chunguni mwaka 1625 na ulinusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Umeishi chunguni kwa karibu miaka 400.

Turudi kwa jirani yangu. Miparachichi iliyosalia wima shambani ilikuwa ya kundi lile lile la miche. Mvua ilipopungua aliondoa udongo taratibu kuzunguka shina la kila mti hadi kina cha kiganja, akitafuta mzizi uliopita juu ya mwingine au uliolizunguka shina. Alipoupata, aliukata kwa patasi na kuuondoa, mmoja tu kwa kila mti kwa msimu, kisha akarudisha udongo na kuuegemeza mti kwa vigingi viwili. Miti mitatu ilikuwa imebanwa kiasi kwamba aliamua kuing'oa mwenyewe. Mahali pake pana miche mipya mifupi, isiyofika kimo cha goti. Mwenye kitalu alishangaa kwa nini mteja huyo ameiacha ile mirefu.